Fulana ya Michigan juu ya Ukuta wa Tanuf

Ijumaa baada ya swala, ukoo mmoja wa Maskati wenye asili ya Unguja umekwenda kupunga upepo Tanuf, chini ya Jebel Akhdar, mwendo mfupi kutoka Nizwa. Wanawake wametandika mkeka kivulini. Sufuria ya biriani bado imefunikwa. Vijana wamekwenda bondeni kuogelea, na mmoja wao ameianika fulana yake juu ya ukuta wa udongo wa kijiji cha zamani, kile kilichobaki magofu. Fulana ni ya buluu, na kifuani ina herufi M kubwa ya manjano. Pembeni yake imesahauliwa chupa ya maji ya Tanuf, nusu imenywewa. Kwamba ukuta wa Oman unajua Kiswahili lisikushangaze, msomaji. Umekisikia miaka mingi.

UKUTA: Nani huyo kanilalia bila hodi?

FULANA: Shikamoo, babu. Ni mimi, Michigan.

UKUTA: Marahaba, mjukuu wangu. Michigan ndiyo kabila gani? Mnatokea upande wa Ibra?

FULANA: Ni chuo kikuu, babu. Marekani. Na mimi ni shabiki wa kweli wa timu yake ya mpira.

CHUPA: Mpira wenyewe wanaubeba mikononi, babu, halafu wanaangushana. Asikudanganye.

FULANA: Wewe chupa, umeulizwa? Babu, uwanja wetu unaingiza watu 107,601. Umejengwa 1927. Wenyewe wanauita Nyumba Kubwa.

UKUTA: Watu laki moja na ushei, kuja kutazama wanafunzi?

FULANA: Wanafunzi.

UKUTA: Na masomo?

FULANA: Yapo, babu. Hayauziwi tiketi, ndiyo maana huyasikii.

CHUPA: Sisi watu wa Tanuf hatuna makuu hayo.

UKUTA: Sisi nani?

CHUPA: Sisi, babu. Mimi jina la Tanuf nimelivaa kifuani tangu nizaliwe. Kuanzia Sur mpaka Salala, nani asiyenijua?

UKUTA: Maji yako ya hapa, hilo sikatai. Ila mwili wako plastiki, na plastiki haichimbwi Tanuf. Haya, endeleeni. Mwanangu Fulana, huyo kijana aliyekuvaa kasoma huko Michigan?

FULANA: Hajasoma.

UKUTA: Kaufikia huo uwanja?

FULANA: Hajafika Marekani. Kanipata Darajani, Unguja, alipokwenda kumwona shangazi yake. Alipenda rangi.

CHUPA: Toba! Shabiki wa kweli.

FULANA: Ngoja nikueleze mambo, usicheke. Mwenyewe wangu wa kwanza alikuwa Mmarekani wa Michigan hasa. Mwaka 2020, mwaka wa korona, viwanja vilifungwa kwa watazamaji, na timu yetu ilicheza mechi 6 ikashinda 2. Huyo bwana akanivua, akanitia kwenye sanduku la sadaka. Nikafungwa ndani ya robota la mitumba, nikashtukia niko Gikomba, Nairobi. Januari 2024 Michigan ikaifunga Washington 34 kwa 13, ikawa bingwa wa taifa. Nadhani siku hiyo alifungua kabati kunitafuta.

UKUTA: Huyo ndiye aliyesoma chuoni, bila shaka.

FULANA: Hakusoma naye. Alininunua Walmart.

CHUPA: Ala!

FULANA: Kuna watani wetu jirani, chuo cha Jimbo la Michigan, wana jina la kuwaita watu kama yeye: Wolverini wa Walmart. Maana yake mtu ambaye chuo hakusoma, mtoto hakusomesha, kilichomkutanisha na timu ni duka la vyakula. Jina linauma, kwa sababu wengi ndio hao.

(Hapo anatokea Mbuzi jike, mzee kidogo, kengele shingoni. Anapanda juu ya kifusi na kusimama karibu na Fulana.)

MBUZI: Masalkheri, Bwana Mkubwa. Nisiwakatize. Napita tu, nawahi uwanjani.

UKUTA: Masalkheri, Bi Mbuzi. Pumzika kwanza. Tunamsikiliza mgeni.

MBUZI: Huyo wolverini niliyemsikia anatajwa ni mnyama gani? Anakula mbuzi?

FULANA: Anakula chochote, bibi. Mkubwa wa umbwa, meno makali, hamwogopi dubu. Ndiye nembo yetu.

MBUZI: Na huko Michigan wako wengi?

FULANA: (kwa sauti ya chini) Hawako.

MBUZI: Hawako?

FULANA: Mwaka 2004 alionekana mmoja, watu wakastaajabu, maana karne mbili hivi hakuna aliyethibitisha kumwona. Mwaka 2010 akakutwa amekufa. Basi.

MBUZI: Alhamdulillahi.

UKUTA: Kwa hiyo mwenyewe wako wa kwanza hakusoma, mvaaji hajafika, na mnyama wa timu hakai huko. Hebu sasa nieleze, shabiki wa kweli ni yupi?

FULANA: Babu, ndani ya robota nililaliana na fulana ya Notre Dame. Hicho ni chuo cha Wakatoliki, kiko Indiana. Alinihadithia kuwa katika miaka ya 1920 New York ilikuwa imejaa Waayalandi, Wataliano na Wapolandi, maskini wa Mungu, chuo wanakisikia kwa jina tu. Timu ya Notre Dame ikija mjini kupambana na timu ya chuo cha Jeshi, wao hupanda treni ya chini ya ardhi kwenda kuishangilia. Wakapewa jina la wahitimu wa treni ya chini. Shahada hawana, nauli wanayo. Kwa nini waipende timu ya mbali? Kwa sababu mjini walikuwa wanadharauliwa, na wale vijana wa dini yao walikuwa wanawapiga wakubwa.

UKUTA: Na chuo kiliwakubali?

FULANA: Kwa mikono miwili. Wananunua sana.

CHUPA: Basi nami nitie la kwangu. Shabiki wa kweli ni anayehudhuria. Mie viwanjani nimefika, Nizwa, Maskati, kote. Nimo mikononi mwa watu dakika zote tisini.

UKUTA: Na ukiisha maji?

CHUPA: Hapo... hapo naachwa chini ya kiti.

MBUZI: Au unarushiwa mwamuzi.

CHUPA: Hiyo ilitokea mara moja, na si mimi, ni ndugu yangu.

FULANA: Kuhudhuria peke yake hakutoshi. Ndani ya lile robota alikuwamo na mwingine, fulana ya Texas A&M. Huyo alikuwa hanyamazi. Kila usiku kisa kile kile: tarehe 2 Januari 1922, Dallas, timu yao inacheza na Centre College, wachezaji wanaumia mmoja baada ya mwingine, benchi linakaribia kwisha. Kocha akamwita mwanafunzi mmoja aliyekuwa juu kwa waandishi wa habari, E. King Gill, ateremke. Akavaa nguo za mwenzake aliyeumia, akasimama kando ya uwanja tayari kuingia. Timu ikashinda 22 kwa 14, na Gill hakuingia. Tangu hapo wanafunzi wa chuo kile husimama mchezo mzima, hawakai. Wanajiita Mtu wa Kumi na Mbili.

UKUTA: Subiri. Huyo alisimama tu?

FULANA: Alisimama tu.

UKUTA: Na wamemsifu zaidi ya miaka mia?

FULANA: Wamemchongea sanamu. Na lile jina wamelisajili serikalini mwaka 1990, timu nyingine ikilitumia bila ruhusa inashtakiwa.

UKUTA: Mie nimesimama hapa tangu kabla ya vita vya Jebel Akhdar. Miaka ya 1950 ndege za Waingereza zilikivunja kijiji hiki kwa sababu kilikuwa cha Sheikh Suleiman bin Himyar, na watu wakahama. Nimebaki mie na vipande vya jamaa zangu. Sanamu sijaona. Watu waja kupiga picha tu.

CHUPA: Babu nawe sasa unataka kuwa shabiki wa timu gani?

UKUTA: Sitaki timu. Ila hilo neno "wa kweli" nalijua, lina meno. Kuna watu wa kabila la Riyami waliozaliwa Unguja, babu zao walitoka mlima huu huu. Maji ya falaj, mfereji wetu, hawajayaonja, Kiarabu chao kina nazi. Baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani warudi, wengine walikuja wakasimama hapa nilipo, wakanipapasa. Halafu wakateremka mjini, na huko wakaulizwa: nyinyi ni Waomani wa kweli? Swali aliuliza nani? Aliyekaa Nizwa, saa moja haijatimu kwa gari, na hajawahi kuja kunitazama.

(Kimya kidogo. Mbuzi anatafuna.)

FULANA: Basi, babu, si umeniunga mkono? Wa mbali naye anaweza kuwa wa kweli.

UKUTA: Usinirukie, mwanangu. Wale walikuwa wanajua wanalilia nini. Wewe kijana wako alipenda rangi.

CHUPA: Na wale waliopo mkekani? Nimewasikia kule garini. Wamezaliwa Maskati, Kariakoo hawajaikanyaga, lakini siku ya Simba na Yanga mkeka unagawanyika nusu kwa nusu, na bibi yao hampikii aliyemfunga. Hao utawaita nini?

UKUTA: Hao nawaachia Mungu.

FULANA: Basi nikueleze mchezo wa chuo nilioushuhudia kwa macho yangu. Kabla sijafika Darajani, Gikomba alininunua mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Siku moja akanivaa kwenda barabara ya Ngong, kuitazama Mean Machine, timu ya raga ya chuo chao. Hiyo ilianzishwa 1977, na mwaka huo huo ikachukua Kombe la Kenya, wanafunzi watupu dhidi ya watu wazima wenye kazi na magari. Sasa hebu fikiri, babu. Mchezaji wa chuo hukaa miaka minne, mitano akifeli, kisha huyo, kaondoka. Wa 1977 leo ni wazee wenye kisukari. Timu iliyokuwa uwanjani siku ile haina hata mmoja wao. Lakini jukwaani wazee walikuwepo, wanaimba nyimbo nisizoweza kuzirudia mbele ya Bi Mbuzi.

MBUZI: Ziimbe tu, mie nimezaa mapacha mara nyingi.

FULANA: Walikuwa wanamshangilia nani? Vijana hawawajui hata majina. Yule aliyeona mbio za winga alikuwa anasema "tumefunga". Tumefunga, naye tumbo liko magotini.

UKUTA: Na wewe siku hiyo ulimshangilia nani?

FULANA: Mie nilikuwa na M kifuani. Watu walidhani ni M ya Machine.

CHUPA: Kumbe! Mnafiki wa herufi!

FULANA: Herufi hii usiifanyie mzaha. Watani wetu wakubwa, Ohio State, wiki ya mechi huziba kila M kwenye mabango ya chuo chao kwa utepe mwekundu. Hawataki hata kuiona.

MBUZI: (mdomo umejaa) Wangekuja hapa, Maskati wangeiitaje?

CHUPA: Bi Mbuzi, unakula nini?

MBUZI: Mie? Majani.

CHUPA: Majani gani ya manjano?

FULANA: Uwi! Babu, kaninyofoa! Kaninyofoa M yangu!

UKUTA: Bi Mbuzi, jamani!

MBUZI: Nisameheni, Bwana Mkubwa. Mazungumzo yalikuwa marefu, nami kinywa changu hakijui kukaa bure. Na haina ladha hata kidogo. Pamba kidogo, iliyobaki plastiki, kama huyu mwenzake.

CHUPA: Bibi, unajua ulilofanya? Umefuta M bila utepe. Hakuna shabiki wa Ohio State aliyepata kufika hapo.

MBUZI: Ohio ndiyo wapi?

UKUTA: Achana nao. Unawahi wapi tangu saa ile?

MBUZI: Uwanjani, kule chini penye changarawe. Vijana wa chuo wanacheza.

FULANA: Chuo gani?

MBUZI: Cha hapa hapa karibu. Jezi hawana, wengine huvaa vizibao, wengine huvua mashati. Goli moja la vyuma, jingine mawe mawili. Yule mrefu anapiga mashuti yote nje, nimemjua kwa mwendo wake. Kipa ni wa Sur, nyumbani kwao baharini, hapa vumbi linamkohoza. Ijumaa iliyopita wamefungwa saba.

CHUPA: Saba! Na unakwenda tena?

MBUZI: Kando ya goli kuna kivuli, na mti wa sidri. Nikiwepo mpira hauendi bondeni, unanigonga mie.

FULANA: Kwa hiyo wewe ni shabiki wao?

MBUZI: Sijui mwanangu. Sina fulana.

(Sauti za vijana zinatoka bondeni. Wanarudi wamelowa, wanauliza biriani. Kijana anaokota fulana yake, anaitazama kifuani, anacheka, anaipiga picha, anaitia kwenye mfuko wa takataka. Mwenzake anakunywa maji yaliyobaki na kuibana chupa mkononi. Wanakula upesi upesi. Kuna mechi ya Hispania usiku na barabara ya Maskati hujaa magari. Saa tisa u nusu mkeka umekunjwa.)

UKUTA: Bi Mbuzi! Umeona? Wale vijana wana miguu na magari. Ungewaambia.

MBUZI: Niliwaambia wakati wanakula, Bwana Mkubwa. Walinitupia mfupa.

Mechi ilianza saa kumi. Kiingilio hakuna, na ukiteremka kutoka kwenye magofu uwanja uko mkono wa kulia. Siku hiyo walicheza kumi kwa kumi na moja, kwa sababu mmoja wao alikuwa na mtihani. Watazamaji walikuwa mbuzi.