Bwawa la Nane
Meli ya Icon of the Seas, iliyojengwa Turku nchini Ufini na kuanza kubeba watalii kutoka Miami mwezi Januari 2024, ina sitaha 20, mabwawa 7 ya kuogelea na nafasi ya abiria wapatao 7,600, na ukubwa wake hutajwa kuwa takriban tani 250,000, ingawa tani hizo, kwa lugha ya mabaharia, hupima ujazo wa ndani wala si uzito, jambo la kumfariji abiria anayetoka kula mlo wa tano. Msafiri hulipia siku saba za kuiona Bahari ya Karibi, kisha akaipa mgongo na kuoga bwawani. Bendera ni ya Bahamas, kwa utaratibu wa bendera ya unafuu, yaani kusajili chombo katika nchi isiyo ya mwenyewe ili kupunguza kodi na masharti ya kazi. Meli ifikapo CocoCay, kisiwa cha Bahamas kilichotengwa kwa wateja wa kampuni yenye meli hiyo, abiria hushuka kwa shauku ya kuiona nchi ya watu, na hulakiwa na bwawa la nane.