Pongezi kwa Waliobuni Fomula

Kwa Wizara ya Elimu na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu,
Nairobi.

KUH: KUFAULU KWENU KUKITUNZA CHUO KIDOGO KATIKA UDOGO WAKE

Waheshimiwa,

Pokeeni pongezi kutoka Lokitaung, Turkana. Mwaka 2017 Turkana ilipata chuo kikuu kishiriki pale Lodwar, chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro cha Kakamega. Mwaka 2023 mkaleta mfumo mpya wa ufadhili: ruzuku ya jumla iliyokuwa ikienda vyuoni ikaondolewa, pesa zikaamriwa zimfuate mwanafunzi kwa njia ya ufadhili na mkopo. Fomula yake haina upendeleo. Chuo chenye wanafunzi wengi kinapata kingi, chenye wachache kinapata kidogo, kisha chenye kidogo kinaulizwa mbona hakikui. Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 kwamba mfumo huo unakiuka Katiba, serikali ikakata rufaa. Mapenzi kama hayo kwa hesabu ni nadra.

Ninachosifu zaidi ni jinsi fomula inavyoamua hata kinachofundishwa, bila mtu kutia saini popote. Maabara ya maji, ya miamba au ya magonjwa ya mifugo hugharimiwa kabla mwanafunzi wa kwanza hajaripoti: hadubini, friji ya sampuli, jenereta ya kuiokoa hiyo friji stima ikipotea, na fundi anayelipwa kila mwezi hata darasa likiwa na watu tisa. Pesa za kichwa huja baada ya kichwa kuketi darasani. Basi mkuu wa chuo kidogo mwenye akili timamu atafanya nini? Atapendelea kozi zinazotosheka na ubao, kalamu na mhadhiri wa muda anayelipwa kwa saa. Kaunti yenye ziwa, ngamia na mafuta yaliyogunduliwa Ngamia 1 mwaka 2012 itaelekezwa polepole kuwafunza mameneja wa ofisi ambazo hazijajengwa. Tume nayo inataka kila programu itimize viwango vilevile vya wahadhiri, maktaba na maabara. Usawa mtupu: twiga na mbuzi wamewekewa hori la kimo kimoja.

Mtajibu kwamba mfumo umewajali maskini. Ni kweli, na haki isemwe: anayewekwa katika kundi la wahitaji zaidi hupata ufadhili mkubwa kuliko mtoto wa mwenye gari. Ila kuwekwa huko sharti aombe mtandaoni, kabla ya tarehe ya mwisho, akiwa na namba ya kitambulisho cha mzazi. Mzazi yuko na mbuzi upande wa Kibish, na simu yake hupata chaji siku akipita sokoni. Mtahiniwa anapanda kilima akitafuta mtandao, ukurasa unazunguka, betri inafika asilimia nne, ukurasa bado unazunguka. Asipoomba, fomula haimwoni, na chuo cha Lodwar hakipati senti kwa ajili yake. Kisha jedwali la Nairobi linasomeka kwamba huku hakuna mahitaji.

Wenye busara zaidi kati yenu watauliza: kwa nini kujenga maabara ya watu tisa badala ya kuwalipia hao tisa nauli waende mjini? Kihesabu hoja hii ina uzito, na nisingeipuuza kama maabara ya chuo ingekuwa ya wanafunzi peke yao. Lakini mbuzi wakianza kufa Turkana Kaskazini, sampuli isiyoweza kupimwa karibu itasafiri kusini, na ugonjwa hausubiri majibu. Mkinielekeza kwa Chuo Kikuu Huria, kilichozinduliwa Konza mwaka 2023 kufundisha kwa mtandao, nimeshaeleza habari za kile kilima.

Imebaki hoja inayonong'onwa tu, kwamba nyika si mahali pa usomi. Lokitaung inabisha. Miaka ya 1950 mkoloni aliwafunga hapa Jomo Kenyatta na wenzake walioshtakiwa pamoja naye Kapenguria, na ni humo gerezani Kenyatta alimfundisha Kiingereza Waruhiu Itote, yule Jenerali China wa Mau Mau. Malazi yalitolewa na serikali, wanafunzi hawakumzidi mwalimu kwa wingi, na chakula kilipikwa na mwalimu mwenyewe. Wakaguzi wenu wangefika, wangeipa kampasi hiyo alama nzuri za huduma. Wageni hawajawahi kuwa na shaka hiyo. Chuo Kikuu cha Stony Brook cha New York huleta wanafunzi wake kusoma katika Taasisi ya Bonde la Turkana huko Turkwel, na Chuo Kikuu cha Geneva kimefundisha wakimbizi kambini Kakuma. Na mwaka 1984, huku huku Turkana, pale Nariokotome, aliyeona kipande cha kwanza cha mifupa ya yule kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita alikuwa Kamoya Kimeu, mtu asiye na digrii. Udaktari wa heshima alikuja kuupata uzeeni, kutoka chuo cha Marekani.

Tunaomba kipengele kimoja tu kiongezwe. Kabla ya kuhesabu vichwa, chuo kipewe fungu la msingi lisilotegemea idadi, linalotosha maabara na fundi wake, na likue kadiri chuo kilivyo mbali. Msiseme haiwezekani. Serikali hiyohiyo inapogawia kaunti mapato haiangalii idadi ya watu peke yake: kuna sehemu inayogawanywa sawa kwa wote, kisha umaskini na ukubwa wa ardhi navyo huhesabiwa. Turkana imenufaika, na Hazina ya Taifa haijaanguka kwa sababu hiyo. Mnachohitaji kukopi kiko kwenye jengo la jirani, na kwa lifti hamtachukua muda.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Lokitaung.

Nakala: Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York, iwapo ninyi mtakuwa na shughuli nyingi.