Mchimbaji Asiye na Mifupa

Nani aliwadanganya matajiri wa Geita kwamba kila kilichomo kwenye kompyuta hubadilishwa kwa kubofya mara moja? Namtafuta.

Mwenye duara moja la machimbo huku kwetu anataka katuni ya kuwafundisha vijana wake usalama: kofia ngumu, matimba ya kuzuia kifusi, zebaki isishikwe kwa mikono mitupu. Wazo zuri, sina ubishi. Mchimbaji mwenyewe tumemwagiza kwa kijana wa Dar anayetumia Maya. Mimi natumia Blender. Programu hizo haziaminiani kwenye mifupa ya wahusika, kwa hiyo mwendo unaokwa kwanza: kila nukta ya ngozi inaandikiwa mahali ilipo, picha baada ya picha, ndani ya faili la Alembic. Waliobuni mtindo huo wa faili ni Sony Pictures Imageworks na Industrial Light & Magic, toleo la kwanza likatoka 2011. Sidhani kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kukesha akisubiri bando la usiku.

Maana piga hesabu. Mhusika ana nukta 50,000, kila nukta namba 3, kila namba baiti 4: tayari kilobaiti 600 kwa picha moja. Picha 25 kwa sekunde ni megabaiti 15. Dakika moja tu ya kugonga moko kwa nyundo inakaribia gigabaiti nzima! Basi mchimbaji wangu akasafiri kwa basi, ndani ya flashi, pamoja na vifurushi vya watu.

Kumfungua, ana urefu wa mita 170. Maya huhesabu sentimita, Blender mita, na faili halisemi lolote. Rangi nazo zimebaki Dar; kofia, buti, uso, vyote kijivu. Nikampunguza, nikampaka.

Bosi akaja kutazama.

“Safi, fundi. Ila hapo mwanzoni avue kofia, amwamkie mgeni.”

Avue kofia! Kwenye video ya usalama! Hilo nikalimeza, nikaeleza la kitaalamu: mwendo umeshaokwa, mifupa hakuna, na jiwe lililopita kwenye karasha halirudi kuwa mwamba. La karasha alilielewa upesi, akakaa kimya akikuna kidevu.

“Kwa hiyo huyu hana mifupa?”

“Hana, bosi.”

“Sasa fundi, mbona umenitoza bei ya mtu mzima?”