Zikiishia Feri, Zimeishia Feri

Kwenye zile meli kubwa za kitalii zinazotia nanga Kilindini, abiria hashiki pesa. Anapewa kadi. Soda ni kadi, aiskrimu ni kadi, fulana yenye picha ya meli ni kadi, na kila kitu kinaandikwa kwenye hesabu ya chumba. Mtoto wa miaka 15 anaweza kutembea kama sultani wiki nzima, halafu asubuhi ya mwisho baba yake anakabidhiwa karatasi. Wazazi waliozoea safari hizo huenda kaunta siku ya kwanza kuomba kadi ya mtoto iwekewe kikomo.

Sisi wa Silibwet, huko Bomet, tukienda Mombasa meli yetu ni feri ya Likoni. Anayevuka kwa miguu halipi hata ndururu, na safari yenyewe inakwisha kabla mtu hajapata pembe nzuri ya kujipiga picha. Lakini ile kadi tunayo pia: ni simu ya mama, yenye namba ya siri ambayo watoto waliijua zamani kwa kumwangalia kidole gumba. Na nyuma ya simu hiyo kuna Fuliza, iliyoanza Januari 2019, ambayo salio likiisha inalipa tu kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo kabla hujafunga hata begi moja, mzazi mwenzangu, badilisha namba ya siri. Usitumie mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote anayelala nyumbani kwako.

Sasa tupange pesa. Kosa kubwa la wazazi ni kutoa kidogo kidogo: mia hapa, hamsini pale, mpaka jioni hujui umetoa ngapi na mtoto hajui amepokea ngapi. Wape zote mara moja, nyumbani, jioni ya kuamkia safari, na useme mbele ya wote kwamba hakuna nyingine. Nauli, chakula, malazi na viingilio ni juu yako. Kila kinachobaki, kuanzia miwani ya jua hadi ngamia, ni juu yao.

Nani azitoe? Hapa kwetu jambo hilo lina uzito wake. Mvulana aliyekwisha toka jandoni si mtoto tena; ukimwita lakwet, yaani mtoto, mbele za watu umemvunjia heshima. Wangu ana miaka 17 na alitoka miaka miwili iliyopita. Mama yake kumhesabia noti moja moja mkononi, ndani ya matatu, mbele ya utingo, ni kumdhalilisha. Kwetu pesa zilitoka kwa baba yao, sebuleni, baada ya chai, kiasi kilekile kwa mvulana na kwa dada yake wa miaka 14. Mvulana alitarajia cha mwanamume kizidi. Hakikuzidi. Tulimweleza kwamba bei ya dafu haibadiliki kwa sababu mnunuzi ametahiriwa.

Kiasi chenyewe kilikuwa shilingi 2,000 kila mmoja, na nusu yake waliichuma. Nasema waliichuma kwa maana yake halisi: majani mawili na chipukizi. Shambani kwetu mchumaji hulipwa shilingi 10 kwa kilo, na likizo ya Desemba ilipoanza tukawaambia mapema kwamba atakayefikisha kilo 100 tutamwongezea 1,000 nyingine juu yake. Mtoto anayejitahidi anapata kilo 15 au 20 asubuhi moja, umande ukimlowesha hadi kiunoni, kwa hiyo ilikuwa kazi ya wiki nzima kwa kila mmoja. Wiki hiyo ndiyo sehemu ya safari ninayomsihi kila mzazi asiiruke. Usipokuwa na chai, tafuta chako: kuku, mboga, kuni. Mtoto apande gari akiwa na kipimo kichwani.

Maana sisi wenyewe tunaishi kwa kipimo hicho. Kiwanda kinalipa kitu kidogo kila mwezi, halafu kunako Oktoba inakuja bonasi, na bonasi za huku magharibi mwa Bonde la Ufa ziko chini ya wanazopata wenzetu wa Murang'a na Kirinyaga. Kila mwaka tunauliza kwa nini, na kila mwaka tunarudi shambani. Mtoto wa mkulima wa chai anayedhani pesa hutoka kwenye simu hajaambiwa ukweli wa nyumba yake, na kumficha si kumpenda.

Toa pesa taslimu, tena noti ndogo. Mvulana wangu alizaliwa baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007. Hajawahi kuniona nikipekua mkoba kutafuta chenji ya nauli. Kwake pesa ni ujumbe unaoingia na ujumbe unaotoka. Alipopewa noti 20 za mia mia, alizishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Ipo akaunti ya M-Pesa Go ya watoto wa miaka 10 hadi 17, ambayo mzazi anaweza kuifuatilia, nami siipingi kwa matumizi ya shuleni. Safarini nataka mtoto ahisi mfuko ukipungua unene. Noti ya elfu usiitoe kabisa. Ikishavunjwa imekwisha, na muuza miwani wa ufukweni atasema hana chenji kwa sauti ya huruma mpaka mtoto achukue miwani ya pili.

Upo mfereji mmoja ambao hutauziba, na huyo ni nyanya yao. Gogo, kama tunavyomwita, hufungua fundo la leso yake nyuma ya nyumba, na kila mjukuu anaondoka na kitu kilichokunjwa mara nne. Usigombane naye. Pesa za gogo ni baraka, na baraka haikaguliwi. Omba tu zitajwe, zihesabiwe pamoja na nyingine. Fanya hivyohivyo mkifika kwa shangazi Nairobi, maana shangazi aliyepokea kibuyu cha maziwa ya mursik kilichosafiri magotini kupitia Longisa, Mulot na Narok lazima atashukuru kwa noti. Binti yangu aliondoka Nairobi akiwa na 2,700. Mvulana alikuwa na 2,400, kwa kuwa Narok, gari liliposimama, alikuwa amewanunulia abiria watatu mahindi ya kuchoma. Hakuwajua. Walikuwa wameketi karibu naye tu.

Treni ya SGR inayoondoka Nairobi saa mbili asubuhi husimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani, na katikati ya vituo hivyo kigari cha vitafunwa kinapita na kurudi. Funga mahamri na mayai ya kuchemsha nyumbani kwa shangazi. Kijana akiwa ameshiba, kigari kitapita naye akitazama tembo wa Tsavo. Tiketi ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, na mtoto akishatimiza miaka 12 analipiwa nauli ya mtu mzima. Niliwaonyesha wanangu tiketi zao. Nikawaambia reli imekwisha amua kwamba nyinyi ni watu wazima, basi nami sitabishana na reli.

Mombasa ndipo mtihani ulipo. Watu wa pwani wanamjua mtu wa bara kabla hajafungua kinywa, na akishakifungua bei inapanda. Mfundishe kijana jambo moja tu: akitajiwa bei, anyamaze. Asiseme ni ghali, asiseme yeye ni mwanafunzi, asitaje Bomet. Asimame tu aangalie bahari. Kwa uzoefu wangu, kimya cha kuhesabu hadi 20 kinashusha bei kuliko maneno yote ya Kiswahili cha shuleni.

Binti yangu alifanya hivyo kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, bila kukusudia. Mwenye ngamia alimwambia, "Dada, panda, picha tatu, mia tano tu." Mtoto akanyamaza. Midomo ilikuwa ikicheza kidogo. Nilidhani anaogopa ngamia, maana kwa karibu ngamia ni mnyama mrefu sana na ana meno ya kutisha. Yule bwana akashuka hadi mia nne, akashuka hadi mia tatu. Ndipo binti akanigeukia na kusema taratibu, "Mama, hizo ni kilo 30." Akatikisa kichwa, akamshukuru yule bwana kwa adabu, akaenda kununua mabuyu ya shilingi 50. Jioni nilimuuliza kama anajuta. Akasema hapana, lakini kama ingekuwa kilo 15 angepanda.

Kaka yake alisafiri njia nyingine kabisa, na ndiyo inayonifanya niandike. Jioni ya kwanza kule bustani ya Mama Ngina, tukiangalia meli zikiingia mlangoni mwa bandari, alisimama akasema leo analipa yeye. Mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili kwa watu sita, madafu kwa watu sita, na viazi karai kwa watoto wawili tuliowakuta huko. Alitoa noti bila kuuliza bei. Uso wake ulikuwa wa mwenye nyumba. Kesho yake akanunua miwani, akamnunulia rafiki yake wa Silibwet kofia, akapanda yule ngamia bila kupunguziwa. Siku ya tatu asubuhi, tukiwa kwenye foleni ya feri kuelekea Likoni, alikuwa na shilingi 40.

Hapa ndipo mkono wa mzazi unapoingia mkobani wenyewe. Uzuie. Nakwambia hivyo nikijua ugumu wake, kwa sababu nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake, nikamwona akizihesabu zile sarafu mara mbili, kisha akazirudisha mfukoni na kuanza kusoma bango la feri kwa makini makubwa. Moyo uliniuma. Mtoto mkarimu ndiye anayefilisika kwanza, na ukarimu huo tulimfunza sisi. Kwetu mtu anayekula peke yake mbele ya wengine hasifiwi. Sikutaka aache kuwa hivyo. Nilitaka ajue ukarimu unagharimu kilo ngapi.

Tena nilitaka alijue hilo nikiwa hatua mbili nyuma yake. Mwakani anafika miaka 18. Siku hiyohiyo simu itaanza kumwita mteja: mikopo ya dakika tano, michezo ya kamari inayomwonyesha ndege ikipaa na pesa zikipanda nayo. Nimeona vijana wa huku wakiuza ndama wa nyumbani kulipia usiku mmoja wa simu, na wengine wakimaliza pesa za muhula kabla ya wiki ya pili ya chuo, peke yao chumbani, bila mtu wa kumwambia. Mtoto akiishiwa Likoni atakula chakula changu, atalala kitanda nilicholipia, na tiketi yake ya kurudi iko kwenye mkoba wangu. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kufilisika.

Kwa hiyo sikutoa. Tulivuka. Upepo ulikuwa mzuri, watu walikuwa wengi wamebanana, na ng'ambo kulikuwa na mtu anayeuza kashata na karanga. Nikamwona mvulana akimvuta dada yake pembeni. Walizungumza kwa Kikipsigis, kwa sauti ya chini, muda mrefu kidogo. Kisha binti akatoa kalamu na kile kidaftari alichokuwa akiandikia matumizi, wakaandika kitu, wote wawili wakatia sahihi. Noti tatu za mia zikabadilisha mikono. Sharti, kama nilivyoambiwa baadaye, lilikuwa hili: kilo 30, zichumwe kabla ya Krismasi, na wakati wa kupima mwenye deni asimame kando.

Ukiona mkataba wa namna hiyo usiuguse. Usimwambie binti amsamehe kaka yake kwa kuwa ni kaka, wala usimnong'oneze mvulana kwamba utamlipia. Baba yao alitaka kuingilia kati tulipofika Miritini kupanda treni ya kurudi, nikamkanyaga mguu.

Kashata, hata hivyo, alinunua za watu sita.

Tulifika Silibwet Jumapili usiku. Jumatatu nilipoamka kuwasha moto, kikapu cha mvulana hakikuwa ukutani. Alirudi saa nne, suruali imelowa, mikono ina utomvu, na hakusema neno. Alasiri wote wawili waliteremka kituo cha chai, nami nikafuata na mfuko wangu. Kulikuwa na mstari mrefu na karani alikuwa na haraka. Mvulana alitundika mfuko wake kwenye mizani, akarudi nyuma hatua tatu kama mkataba ulivyosema. Dada yake akasogea mahali alipokuwa amesimama kaka, akainua kichwa kusoma namba mwenyewe kabla karani hajaitamka.

"Ishirini na mbili," karani akasema.

Binti akafungua daftari, akaandika, akapiga mstari chini yake. "Bado nane," alisema, akamrudishia kaka yake mfuko mtupu.