Barua ya Wazi: Kitufe Kisichong'atuka

Kwa Mkurugenzi wa Vitufe,
Kampuni Inayojijua,
Ng'ambo.

Bwana Mkurugenzi,

Salamu nyingi kutoka Kizingo, Mombasa, ambako kusi inavuma na kompyuta yetu, kwa rehema za Mola, inawaka. Mimi ni karani wa mapokezi katika kliniki ndogo, hatua chache kutoka Mama Ngina. Naandika kuwashukuru. Programu yenu ya hifadhidata imenifanya mtu wa lazima: nisipokuwepo, haifai kitu.

Nianze na muujiza wenu wa Jumatatu. Alikuja bibi mmoja kutoka Mji wa Kale, buibui limemkaa vizuri, homa imemkaa vibaya. Nikajaza fomu, nikabofya kitufe cha "Hifadhi". Kompyuta ikanyamaza, kama kawaida yake ikiwa na mawazo. Nikagonga Enta nisonge mbele. Printa ikalia: risiti ya kwanza, kisha ya pili. Bibi akaziinua zote kwenye mwanga wa dirisha.

"Mwanangu, homa niliyokuja nayo ni moja. Hii nyingine ya nani?"

Nimechunguza. Kitufe chenu kikishabofywa hakitoki kwenye kiti. Kinabaki kimeshika fokasi, yaani zamu ya kugongwa. Ukikodoa macho utaona nukta nukta zimekizunguka, kama vitobo vya kofia ya viua. Ukigonga Enta, kinadhani kimeitwa tena, nacho ni kitiifu mno. Hifadhidata nayo, badala ya kushtuka, inampa yule "mgonjwa wa pili" namba yake mpya. Mwaka 1970 Edgar Codd, aliyewafunza nyote kupanga data kwenye majedwali, alitaka jedwali lisiwe na mistari miwili inayofanana. Namba inayojitoa yenyewe ndiyo iliyowasaidia kumkwepa mzee wa watu: bibi ni yule yule, homa ile ile, namba tofauti, basi sheria imefuatwa.

Nikasema, nitakizima kikishabofywa. Pale Likoni feri ikijaa, lango hufungwa. Asukume atakayesukuma, atangoja feri nyingine. Nikaandika mstari mmoja wa msimbo: kitufe kizimwe. Programu ikanijibu kwa kosa namba 2164. Huwezi kuzima kitu kikiwa kimeshika fokasi.

Bwana Mkurugenzi, nilisoma nikasimama. Sheria hii sisi Wakenya tunaijua siku nyingi, ila hatukuwahi kuiona imepewa namba. Mkubwa aliyekalia kiti hazimwi. Hutafutiwa kwanza kiti kingine, ubalozi au uenyekiti wa bodi, ndipo cha mwanzo kiguswe. Nami nikafanya hivyo hivyo. Mstari wa kwanza unahamishia fokasi kwenye kisanduku cha namba ya simu, ambacho wakati huo hakina kazi yoyote (balozi kamili). Wa pili unazima kitufe. Wa tatu unahifadhi. Akija mgonjwa mwingine, kitufe kinawashwa.

Hii ni njia ya panya, na hapa panya ana maana zote mbili, wa shimoni na wa kompyuta.

Kwa kuwa siwaamini tena, nikaongeza kizuizi kwenye jedwali: mgonjwa mmoja asiandikwe mara mbili kwa siku moja. Wiki hiyo hiyo kijana aliyetibiwa koo asubuhi alirudi alasiri, amechanika mguu kwenye miamba akiogelea. Programu ikamkataa. Damu inatiririka sakafuni, skrini inasema ameshatibiwa. Nikamwandika kwa tarehe ya siku iliyofuata. Kwa kumbukumbu zetu, jeraha la kijana yule ni la kesho; nyuzi alishonwa leo.

Nilipowaandikia mara ya kwanza mlijibu kwamba hiyo si hitilafu, ndivyo kitufe kilivyoundwa. Mwaka 1947, kule Harvard, mafundi walimkuta nondo amekwama ndani ya mashine ya Mark II, wakamtoa, wakambandika kwa utepe kwenye daftari lao kama hitilafu. Bahati yao hamkuwepo. Mngewaambia nondo ni sehemu ya mashine.

Sikatai kuhangaika; kisiwa hiki kinaishi kwa kuhangaika. Korona ilipoingia mwaka 2020 na feri ikawa haipandiki kwa msongamano, tulijengewa daraja la kuelea pale Liwatoni, la watu wa miguu, lenye kufunguliwa katikati meli ipite. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba msongamano ule ndivyo ulivyoundwa.

Ombi langu ni dogo: kitufe kitoke kiwandani kikijua kungoja. Kwa sasa nimebandika karatasi kwenye ukingo wa skrini: BOFYA MARA MOJA, TOA MKONO. Unyevu wa bahari umeibandua mara tatu, na mara tatu nimeandika nyingine. Programu ni ile ile.

Wenu mtiifu, kama kitufe,

Karani wa Mapokezi,
Kizingo.