Tano ni Siku Gani?

Zamu yangu ya maji ni Jumatano. Hapa Mitunguu ukimwuliza mtu zamu yake ni lini atakutajia siku, tarehe hana haja nayo. Mgomba haujui kalenda, unajua kiu tu. Alhamisi maji huenda kwa jirani, ambaye hukesha kando ya valvu kama askari wa benki asije akapunjwa hata dakika moja. Hivyo ndivyo tulivyoishi kwa amani, au tuseme bila kufikishana kwa chifu, hadi kikundi chetu cha maji kilipoamua kuwa cha kisasa.

Tukapata kijana. Kila kikundi siku hizi kina kijana wake: mtoto wa mwanachama fulani, kasomea kompyuta, kazi hana, na jembe halitaki. Akaahidi kutuandikia programu ya kututumia meseji kila mara maji yakifunguliwa au kufungwa. Nikauliza, kwani ni nani alikuwa amesahau siku yake? Nikaambiwa napinga maendeleo.

Meseji ya kwanza ikaingia: “Laini kuu itafungwa siku ya 5.” Basi.

Mimi nikaelewa Jumatano, kwa maana jina la siku hiyo linajitaja lenyewe. Mama mmoja Msabato akasema ni Alhamisi, kwa kuwa Sabato ni siku ya saba na hesabu huanza Jumapili. Mwalimu mstaafu, ambaye kwake wiki huanza kengele ya shule inapolia, akasema Ijumaa. Tukampigia kijana simu atuamue. Akasema ni Jumamosi, tena akashangaa kwamba tunauliza: “Wazee wangu, Jumatatu si ni sifuri?”

Sifuri! Nimelima ndizi maisha yangu yote na sijawahi kuona mtu akihesabu mikungu kuanzia sifuri. Ukifanya hivyo mbele ya dalali wa soko la Marikiti, utarudi nyumbani na pesa pungufu.

Tukamwita aje atueleze ana kwa ana. Kumbe kompyuta nyingi huhesabu siku tangu tarehe 1 Januari 1970, iliyokuwa Alhamisi. Zinagawanya kwa saba, zinatazama kinachobaki. Hapo sina ugomvi, hata mtoto wa shule anaweza. Ugomvi unaanza pale zinapoulizwa siku ya kwanza ni ipi. Lugha iitwayo Python husema Jumatatu ni 0. JavaScript husema Jumapili ndiyo 0. Kiwango cha kimataifa, ISO 8601, kinasema Jumatatu ni 1. Hifadhidata ya MySQL nayo ina amri mbili za kazi hiyo: DAYOFWEEK huiita Jumapili 1, na WEEKDAY huiita Jumatatu 0. Yaani hata ndani ya programu moja wameshindwa kukaa kikao wakubaliane, halafu watu hao hao ndio wanaotufundisha sisi utaratibu.

Kijana alipoona tumenuna akaamua kutuonyesha kisomo. Akaleta kanuni ya Mjerumani Christian Zeller, ya miaka ya 1880, inayotoa siku ya wiki kwa kalamu na karatasi. Katika kanuni hiyo Januari na Februari ni mwezi wa 13 na wa 14 wa mwaka uliopita. Katibu wetu alizaliwa Januari. Akataka kujua kama ameongezewa mwaka na kama jambo hilo litagusa pensheni. (Wahabeshi, ukivuka Moyale, wana mwezi wa 13 wa kweli, wa siku tano au sita, lakini wao hawakuutoa kwenye kanuni ya mtu.)

Tukamwambia aijaribu kwa tarehe tunayoijua: 12 Desemba 1963. Akaandika 12, akajumlisha 33 ya mwezi, 63 ya mwaka, 15, kisha 4, akaondoa 38. Ikawa 89. Ukigawanya kwa saba inabaki 5, na kwa Zeller Jumamosi ni 0, kwa hiyo 5 ni Alhamisi. Alipoinua kichwa, mzee mmoja alikuwa ameshajibu zamani: “Tulilala Jumatano chini ya Mwingereza, tukaamka Alhamisi tukijitawala. Hilo nalo ni la kuandikiwa?”

Yangekuwa hayo tu ningenyamaza. Lakini programu ilisoma tarehe Kimarekani, mwezi mbele siku nyuma. Ukiandika 3/5/2024, sisi tunajua ni Ijumaa, tarehe tatu Mei. Yenyewe inasoma Machi tano, inapiga hesabu bila kukosea, inakujibu Jumanne. Siku zote za kuanzia tarehe 13 ilikuwa sawasawa, maana hakuna mwezi wa 13 (Zeller hakuulizwa), kwa hiyo hakuna aliyeishuku.

Kilichonimaliza ni saa. Mashine inayotunza kumbukumbu zetu iko ng'ambo, na inafuata saa ya Greenwich, saa tatu nyuma yetu. Mimi hufungua maji saa saba usiku, Jumatano ikiwa imeshaanza. Huko bado ni saa nne ya usiku wa Jumanne. Mwisho wa mwezi orodha ikasomwa mbele ya wanachama wote: mimi, mzee wa kanisa, nimekuwa nikiiba maji ya mtu wa Jumanne kila wiki. Nikatozwa faini. Kijana alikuwepo, akasema kompyuta haidanganyi.

Nyinyi mnaoandika programu, wekeni saa ya Nairobi, na siku iandikwe kwa jina lake, herufi zote. Herufi hazilipiwi ushuru. Na faini yangu irudishwe.