Mtazama Nyota na Majirani Zake

Mtu akikuambia kuwa kutazama nyota ni starehe ya watu watulivu, muulize kwanza kama ana majirani. Mimi ninao, tena wa Mbagala, ambako nyumba zimebanana hivi kwamba ukipiga chafya chumbani kwako, anayekupa pole ni mtu wa nyumba ya pili. Ukisimamisha darubini uani usiku katika mtaa kama huo, hata ukiielekeza juu kabisa, kuna dirisha litafungwa kwa kishindo.

Ndivyo mjumbe alivyokuja kubisha hodi kwangu baada ya isha, nyuma yake vijana wa ulinzi shirikishi wenye marungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Baba Neema, watu wanalalamika. Wanasema usiku unachungulia."

"Namtazama Zuhura tu, mzee."

Vijana wakaangaliana. Mjumbe akashusha sauti. "Zuhura wa nani? Ana mume?"

Nikamwonyesha nyota inayowaka upande wa magharibi, nikamkaribisha kwenye lenzi. Akainama, akanyamaza, mara akashtuka: "Mwezi mwandamo! Kesho Idi?"

Nikamweleza kwamba Zuhura ni sayari, na kwa kuwa iko karibu na jua kuliko sisi, tunauona upande wake wenye mwanga ukipungua na kujaa kama mwezi. Galileo aliliona jambo hilo mwaka 1610. Mjumbe akataka kujua kama na yeye alishtakiwa na majirani. Nikasema alishtakiwa na Kanisa, Roma, mwaka 1633.

"Basi wewe una nafuu," akasema, akavuta kigoda akaketi.

Nikapata moyo, nikamsimulia habari za William Herschel, babu yetu sisi watazama nyota wa ridhaa. Herschel alikuwa mpiga kinanda kanisani katika mji wa Bath, Uingereza. Nyota alizitazama akishamaliza kazi. Usiku wa tarehe 13 Machi 1781, akiwa bustanini nyuma ya nyumba yake, aliona kidoa kisichofanana na nyota nyingine. Akatangaza kuwa ni nyota yenye mkia. Wataalamu wakapiga hesabu wakakuta ni sayari: Uranus, ya kwanza kugunduliwa kwa darubini. Mwenyewe alitaka iitwe kwa jina la Mfalme George, na mwaka uliofuata mfalme akampangia pauni 200 kwa mwaka.

Hapo mjumbe alisogeza kigoda. "Ukigundua ya kwako," akaninong'oneza, "jina langu unalijua."

Nikamwambia asifikiri mambo yalikuwa mteremko. Herschel mwenyewe alivisubu vioo vya darubini zake, nyumbani. Kalibu zilitengenezwa kwa samadi ya farasi, na Caroline, dada yake, alishiriki kuitwanga na kuichekecha. Agosti ya mwaka huohuo wa 1781, shaba na bati vilivyoyeyushwa vikavuja tanurini, mawe ya sakafu yakalipuka kwa joto, na watu wakatoka mbio, kila mtu na mlango wake. Siku za kung'arisha kioo, Herschel hakuthubutu kuinua mikono. Kuna mara alifululiza saa 16. Caroline akawa anamlisha tonge kwa tonge, na kumsomea Alfu Lela Ulela ili asichoke.

Mama Neema alikuwa kibarazani akichambua mchele. Akainua kichwa.

"Huyo Caroline alilipwa?"

"Alilipwa. Kuanzia mwaka 1787, pauni 50 kwa mwaka. Na nyota zenye mkia aligundua 8 yeye mwenyewe."

"Nani alimlipa?"

"Mfalme."

"Basi siku ukitaka kulishwa tonge," akasema, akirudi kwenye ungo wake, "mwandikie mfalme."

Tangu usiku ule malalamiko yamekwisha, yameanza maombi. Kuna anayetaka nimtazamie mbuzi wake aliyepotea. Kuna anayetuma mtoto aulize kama daladala imeshatokea kule kwenye kona. Asubuhi moja mjumbe naye akaja, anataka kuliona tangi la maji lililo juu ya paa la nyumba anayopangisha, mtaa wa pili. Goti linamsumbua, ngazi haziwezi.

Sasa, darubini yangu ni ya kioo, ya aina aliyoibuni Isaac Newton mwaka 1668. Kioo chake kimebonyea katikati, kwa hiyo miale ya mwanga hukatizana kabla ya kufika jichoni, na kila kitu huonekana kichwa chini. Nyota hazina neno. Nyota haina juu wala chini. Tangi linavyo.

Mjumbe akachungulia. Akaona paa limegeuka, tangi linaning'inia chini yake, na maji yaliyofurika yanabubujika kuelekea mbinguni.

Akatazama muda mrefu. Kisha akanyanyuka polepole, ameshika kiuno.

"Baba Neema," akasema, "kumbe ndiyo maana bili inapanda."